Kompyuta ya Waridi

Jina la Dada Taipu alilipata enzi za taipureta, alipokuwa msichana wa miaka ishirini na miwili akichapa barua za watu kwenye kibaraza cha ofisi ya ardhi. Taipureta zikaondoka, jina likabaki. Sasa alichapia nyumbani, chumba cha mbele, juu ya meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua, kwa kompyuta iliyochakaa kiasi kwamba mteja mwenye haraka aliombwa aketi kwanza, mashine haijaamka. Asubuhi aliiwasha, akachota maji, akafagia uwanja, akarudi na kuikuta bado inajishauri.

Kwa vidole vile vile alimsomesha mdogo wake wa kiume, ndugu yake wa pekee, tangu darasa la tano hadi chuo. Hakuwahi kumsimanga kwa hilo. Lakini siku mdogo wake alipomnunulia mkewe kompyuta mpya, nyembamba kama sahani, rangi ya waridi, Dada Taipu alitoa hongera kwa mdomo huku moyo ukimchoma kama aliyemeza kaa la moto. Yeye aliyechapa miaka yote hiyo hajawahi kununuliwa hata kiti cha kuchapia.

Wifi yake, ambaye alikuwa akisomea ualimu wa chekechea, aliibeba kila alikokwenda, ndani ya mkoba mweusi wenye mkanda wa begani. Kikao cha wazazi, yumo nayo. Sokoni, yumo nayo.

"Wifi," Dada Taipu alimwambia siku moja, "mtoto huyo utamwachisha ziwa lini?"

"Niache nilee, wifi. Wako si keshazeeka mpaka anakohoa?"

Walicheka wote wawili. Wifi alipokwenda jikoni kuchemsha chai, akaiacha kompyuta mezani, Dada Taipu aliitazama kwa muda. Pembeni palikuwa na stika ya kipepeo wa manjano, aliyebandikwa na mtoto wa mdogo wake. Akanyoosha ukucha, akakwangua bawa moja mpaka likabanduka. Kisha akakaa vizuri na kusubiri chai.

Hiyo ilikuwa mapema mwaka huo. Ilipofika karibu na mitihani ya kufunga mwaka, mashine yake ya zamani ilizimika Jumanne, katikati ya hesabu za darasa la sita, na haikuwaka tena.

Mitihani ile ndiyo iliyomweka mjini. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiichapia shule ya jirani, na kadi za harusi na barua za kuomba kazi zilizobaki zilikuwa za kununulia chumvi tu. Muhula uliopita karatasi zilichelewa siku mbili kwa sababu ya mashine, walimu wakaandika maswali ubaoni. Mwalimu mkuu, mama mpole asiyejua kugomba, alimwita ofisini na kumwonyesha barua ya duka jipya la uchapaji lililokuwa likiomba kazi ile. Akasema safari hii zichelewe tena, yeye hatakuwa na la kumtetea. Sasa zilibaki wiki mbili.

Fundi wa kompyuta, mwenye kichumba nyuma ya saluni na tochi iliyofungwa kwenye paji la uso kama mchimba madini, aliifungua mashine, akaipuliza vumbi na kutikisa kichwa. Moyo wake umekufa, alisema, ila diski yenye kazi zako nitaiokoa. Kisha akamshauri, kwa kuwa fedha alizokuwa nazo zilitosha kompyuta moja tu ya wastani na nyingine hakuwa nazo, asinunue kwa macho. Atafute mpya inayofunguka kwa bisibisi ya kawaida, inayoweza kuongezwa kumbukumbu, kibodi yake ikifa inabadilishwa, na waranti iwe ya maandishi yenye muhuri. Zile nyembamba aziogope. Ndani zimegundishwa zote, kikifa kimoja vimekufa vyote.

Dada Taipu alisikia kwa sikio moja. Alikwishaamua. Alitaka ya waridi.

Mdogo wake alimtuma mkewe amsindikize dukani, eti anajua mambo ya kisasa. Dada Taipu hakumtaka, lakini hakupata neno la kumkatalia. Alikuwa na namna yake ya kupima mashine, aliyoibeba kutoka enzi za kibaraza. Alitoa kwenye mkoba karatasi moja ya hesabu za darasa la saba, yenye sehemu na mabano na tarakimu zilizobanana, akaisoma mara moja, akafumba macho na kuichapa yote kwenye kompyuta ya maonyesho. Alipohamia ya pili, muuzaji alimkaribia.

"Mama, hapa si ofisini."

"Ndiyo maana nafumba macho, baba. Nisije nikaiona ofisi yenu."

Kwenye ile ya waridi vidole viligonga kama vinagonga sakafu. Vitufe havikuwa na kina. Alipofumbua macho aliona namba nne imerukwa mahali pawili. Akalaumu vidole vyake.

Wifi alikuwa amesimama pembeni, mbele ya kompyuta nyeusi, nene, nzito, isiyo na hata nembo ya kung'aa.

"Chukua hii, wifi."

"Kwa nini hii?"

"Ina nguvu."

"Basi nitolee ya kwako nilinganishe."

Wifi aliuvuta mkanda wa mkoba begani. "Haina chaji."

"Yako ya waridi, mimi unanichagulia jiwe la kusagia."

"Ya kwangu ni ya kwangu, wifi. Chukua hii."

Maneno hayo alirudi nayo nyumbani, akala nayo, akalala nayo. Ya kwangu ni ya kwangu. Kumbe ndivyo. Mwanamke aliyemkuta ndugu yake keshasoma, keshavaa suti, ndiye amchagulie nyeusi ili waridi abaki nayo peke yake. Kulipokucha alitia fedha kwenye mkoba, akatoka. Atainunua ile ile, na Jumapili ataiweka juu ya meza wakati wifi anaingia.

Njiani akapitia kwa fundi kuchukua diski yake. Fundi alipoinama kuitafuta, macho ya Dada Taipu yalipanda kwenye rafu ya mashine mbovu. Katikati ilikuwapo moja ya waridi, imelazwa chali, tumbo wazi. Akasimama kwa ncha za vidole vya miguu kutazama ubavuni. Kipepeo wa manjano, bawa moja.

"Hiyo?" fundi alisema alipoona anaishangaa. "Mwezi wa tatu huu. Ilikaa miezi mitano tu ikazima, na ndani imegundishwa yote, hairekebishiki. Mwenyewe anakuja kila Ijumaa kuniuliza. Hataki mumewe ajue, maana bwana alimnunulia kwa mbwembwe."

Raha ilimpanda Dada Taipu kutoka unyayoni. Hakuweza kuizuia. Alipotoka alipita mbele ya kioo kikubwa cha saluni, akamwona humo mwanamke wa makamo anatembea akitabasamu peke yake, na ilimchukua hatua mbili kujitambua. Tabasamu lile hakulipenda. Lilikuwa la mtu aliyeokota kitu cha mwenzake.

Akasimama kando ya ukuta. Miezi mitatu. Basi ule mkoba ulikuwa umebeba nini? Na masomo yale aliyafanya kwa kutumia nini? Na jana, pale dukani, mtu mwenye siri yake begani alikuwa akimvuta kwenye kompyuta nyeusi kwa njia pekee aliyoweza kumvuta bila kujivua nguo.

Dukani aliichapa karatasi ya hesabu kwenye ile nyeusi, macho yamefumbwa. Kila namba nne ilikuwapo mahali pake. Akaomba bisibisi, akaonyeshwa mahali pa kufungulia, akasubiri waranti mpaka ikagongwa muhuri. Muuzaji alimbebea sanduku hadi mlangoni akisema mama huyu akirudi, wao watafunga duka.

Jumapili wifi alikuja na mkoba wake. Dada Taipu alikuwa amefika darasa la sita, printa inatapika karatasi.

"Ulinichagulia vizuri," alimwambia bila kugeuka. "Huo mkoba uweke kitandani. Kaa hapa uandike kazi yako ya chuo, mimi nina nguo za kufua."

Wifi hakusogea. "Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini? Kaa, kiti kitapoa."

Wifi alishusha mkoba polepole, akafungua zipu. Yakatoka madaftari matatu yaliyojaa mwandiko, halafu kibao cha kukatia mboga, kimeviringishwa kwa taulo.

"Ili uwe na uzito," alisema.

Dada Taipu alikipokea kibao, akakipima mkononi, akauliza kama hiki kina chaji. Walicheka mpaka wifi akajifuta macho kwa taulo lile lile. Kisha akakaa, akaanza kudonoa kwa vidole viwili. Dada Taipu alitaka kumwambia habari ya bawa la kipepeo. Neno lilifika mdomoni likarudi.

Jioni mdogo wake alikuja kumchukua mkewe, akamkuta mbele ya kompyuta mpya. Akaizunguka, akaigonga mgongoni.

"Umeona, dada? Si nilikwambia huyu anajua kuchagua?" Akamwekea mkewe mkono begani. "Kichwa hiki, dada, mimi kimenitoa mbali."

Wifi aliinamisha uso. Dada Taipu alimtazama mdogo wake, aliyemsomesha yeye tangu darasa la tano, akasubiri kidogo kama kuna jingine atakaloongeza. Hakuongeza. Lile kaa likageuka tena mahali pake pa zamani, dogo, jekundu.

"Inuka, wifi," alisema. "Darasa la saba wananisubiri."

Kiti kilikuwa na joto. Karatasi zilitakiwa Jumatano, na zingefika Jumanne. Alikunjua ile yenye sehemu na mabano, akaisoma mara moja, akafumba macho.