Kumpima Mama Mkwe

Nilirudi Masumbwe kutoka Shinyanga mjini nikiwa na cheti na kichwa kikubwa. Mafunzo yalikuwa ya mafundi: namna ya kutengeneza vifaa vya kazi vinavyomfaa mtu, badala ya mtu kujikunja ili avifae vifaa. Kabla hujakata chuma, mkufunzi alituambia, kaa na mtumiaji, mtazame akifanya kazi, muulize panapomuuma, mpime. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nilikuwa nimetengeneza mageti na vitanda miaka yote bila kumuuliza mtu anaumwa wapi. Nilifunguka macho kweli, na mtumiaji wangu wa kwanza nilimchagua nikiwa bado kwenye basi.

Tatizo ni kwamba mtumiaji huyo alikuwa mama mkwe wangu.

Kwetu Usukumani, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawashikani mkono, hawakai karibu. Ndiyo heshima yenyewe. Familia nyingine zimelegeza siku hizi. Ya mke wangu haijalegeza hata kidogo. Mama alipofiwa na mumewe alihamia nyumba ya pili kutoka kwetu, na tangu hapo maisha yangu yakawa ya kuruka pembeni. Tukikutana kwenye njia nyembamba, mmoja anaingia kwenye mahindi. Siku moja hapakuwa na mahindi, nikaingia kwa fundi cherehani na, nisionekane mjinga, nikaagiza suruali. Mama akapita taratibu mno, maana mgongo ulimkataza kuharakisha. Suruali ile ninayo mpaka leo na inanibana.

Mgongo huo ndio uliokuwa ukininyima raha. Mama anaponda magwangala, yale mawe yaliyotupwa migodini ambayo bado yana dhahabu kidogo. Hukaa chini, miguu kainyoosha, jiwe kubwa katikati ya mapaja, anagonga na nyundo tangu asubuhi. Jioni kuinuka kwake ni shughuli nzima. Shemeji yangu, mwanawe wa kiume, alikuwa ameshatangaza kwamba mahindi yakivunwa anakuja na gari kumrudisha kijijini kwao Samuye akapumzike. Mama hakutaka kusikia.

"Nikapumzike nini?" alimwambia mke wangu. "Hapa nina kazi yangu na wenzangu wa kucheka nao. Kule mtaniweka kivulini kama mtungi."

Kwa hiyo nilikuwa na muda mpaka mavuno, na mtumiaji nisiyeruhusiwa kumtazama.

Mahojiano tuliyafanya hivi: mama ndani ya ua, amenipa mgongo, mimi nje ya ua, nimempa wangu, mke wangu katikati akipeleka maneno ambayo wote tulikuwa tumeshayasikia. Baada ya maswali mawili mke wangu alichoka.

"Ninyi wawili mna masikio," akasema, akaenda kusonga ugali.

Mama akamgeukia kuku wake mwekundu aliyekuwa akichakura hapo.

"Wewe kuku, mwambie mkwe mgongo unauma hapa chini, karibu na kiuno."

"Kuku," nikasema, "muulize mama, unauma akiwa anagonga au akiacha?"

"Kuku, mwambie akiacha. Akigonga anasahau."

Kuku yule alifanya kazi kuliko mke wangu, wala hakudai chochote.

Lakini vipimo kuku hawezi kuvichukua. Nikampa mke wangu kamba ampime mama: urefu wa goti, upana wa nyonga, bega hadi kiwiko. Zikaja kamba tatu zenye mafundo safi kabisa. Nikachomelea kiti cha bomba mraba chenye egemeo fupi la mgongo, na mbele yake meza ndogo ya kugongea yenye ukingo wa mpira wa tairi. Nilikipaka rangi ya bluu na kukitazama kwa majivuno yote ya cheti changu.

Mama alikaa, miguu ikaning'inia. Mke wangu ndiye aliyeniletea habari, akicheka mpaka anashika ukuta. Jirani yetu muuza maandazi, mwanamke mrefu, alipojaribu kukaa, kiti kilimkaa kama nguo ya kushonesha. Na kwa nini kisimkae? Kamba zilikuwa zake! Mama alikuwa amekataa kupimwa.

"Kamba ya nyonga zangu ikaning'inie karakanani kwa mkwe, wateja wanaitazama?" alisema. Akamwomba jirani apimwe kwa niaba yake, kwa kuwa jirani hana mkwe hapa mtaani.

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Nilitupa koleo. Nilimtukana mkufunzi ambaye hakuwepo na hakukosa lolote. Mavuno yalikuwa yamekaribia, jirani anauza maandazi ameegemea vizuri, na mama bado yuko chini kwenye vumbi.

Jumapili, wote wakiwa kanisani, nikaenda kwenye rundo lake la mawe. Pale anapokaa kila siku ardhi ilikuwa imebonyea. Shimo la makalio lilionekana, na mbele yake vishimo viwili vya visigino. Mwili wote wa mama ulikuwa umeandikwa pale chini, na ardhi haina aibu. Nikapima kwa futi. Kisha, ili nielewe zaidi, nikakaa humohumo, nikanyoosha miguu, nikashika nyundo yake na kugonga hewa.

Nikasikia kikohozi.

Alikuwa amerudi mapema kwa sababu mgongo ulimshinda kwenye benchi la kanisa. Amesimama, ananitazama nimekaa mahali pake, jambo ambalo kwa heshima yetu ni baya kuliko kumtazama. Nilitamani ardhi ile iendelee kubonyea nizame. Mama akajifunika kanga kichwani, akageuka, akatafuta kuku. Kuku hakuwepo. Akaliambia rundo la mawe:

"Ninyi mawe, mwambieni huyo kwamba mguu wa kulia mimi naukunja. Hapo alivyonyoosha atapima uongo."

Nikaukunja.

Kiti cha pili, nilichokichomelea kwa vipimo vya ardhi ile, sijawahi kumwona akikikalia, wala sitamwona. Nakijua kwa masikio. Zamani nyundo yake ilikuwa inagonga, inanyamaza, mama anaguna, inagonga tena. Sasa nikiwa karakanani naisikia inakwenda moja kwa moja, na mke wangu analalamika kwamba mama haji tena kula mchana kwa wakati.

Shemeji alikuja na gari baada ya mavuno. Alisimama pembeni ya rundo, akamtazama mama akiponda na kucheka na wenzake mpaka jua likashuka, na habari ya Samuye hakuitaja. Mama, asimwache mwanawe aondoke mikono mitupu, akamfunga yule kuku mwekundu miguu akampa.

Kesho yake asubuhi nilipita nje ya ua nikiwa nimegeuza uso kama kawaida. Nyundo ikanyamaza.

"Mkwe," sauti ikasema. "Mgongo umepona."

Nikamtafuta kuku wa kumjibu. Hayupo. Macho yakanijaa machozi nikiutazama ukuta wa jirani, ikabidi niseme mwenyewe.

"Asante, mama."