Kofi la Pasaka

Astruc mwana wa Vidal hakuwa tajiri wala maskini. Alikuwa na shamba la mizabibu nje ya ukuta wa mji wa Toulouse, mke mwenye ulimi mkali aliyeitwa Bonadona, na jirani Mkristo, Peire, waliyepakana naye mashamba. Wakati wa kupogoa walisaidiana, wakati wa mavuno waliazimana vikapu. Peire alipenda kumtania kwamba anashinda kwenye mizabibu kwa sababu yenyewe haimjibu kama mkewe.

Katika mji ule, kila Pasaka, Myahudi mmoja alisimamishwa mlangoni pa kanisa kuu akapigwa kofi mbele ya watu. Ijumaa Kuu padri alikuwa amekwisha kuwasomea jinsi Wayahudi walivyopaza sauti Yesu asulubiwe, na sasa ilikuwa zamu yao kulipa, ingawa imepita miaka elfu. Mwaka ule aliyetajwa ni Astruc. Aliyepewa heshima ya kumpiga ni Peire.

Peire alimfuata shambani, akasimama upande wake wa mpaka.

"Sikuomba, jirani. Nimepewa. Sasa nikikataa nitaonekana mtu gani?"

"Kwani mimi nimemuua nani, Peire?"

"Si wewe. Watu wenu, zamani zile."

"Zamani zile babu zako walikuwa wanaabudu miti."

Peire akacheka kidogo, kisha akaacha. "Padri anasema damu ile mliiitisha wenyewe, iwe juu yenu na watoto wenu. Imeandikwa, bwana. Mimi nibishane na maandiko? Lakini usiwe na wasiwasi, nitakugusa tu. Wewe yumba kidogo, watu waridhike."

Bonadona alipoambiwa hayo aliendelea kumenya vitunguu. "Atakupiga," alisema. "Mtu akitazamwa na mji mzima hawezi kugusa tu."

Siku ya Pasaka uwanja ulifurika. Astruc alivua kofia kama alivyoamriwa. Alimwona Peire akitazama umati, akimtazama askofu, akimtazama mkewe mwenyewe aliyevaa nguo mpya. Hakumtazama Astruc. Kofi lilimwangusha kwenye ngazi, na sikio la kushoto likatoa damu. Watu walishangilia, kisha wakaingia kusali. Sikio lile halikusikia tena.

Astruc alimngoja Peire aje, walau kusema pole. Hakuja. Walipokutana njiani Peire aligeukia majani kama mtu aliyeangusha kitu. Baadaye maneno yakaanza kumfikia Astruc kutoka kilabuni: kwamba ana jicho baya, kwamba anamtazama Peire kwa kisasi. Mvua ya mawe ilipoharibu zabibu za Peire na kuruka safu chache za Astruc, ikasemwa kuwa amemroga. Ng'ambo ya mpaka watoto wa Peire wakawa wanamrushia Bonadona madongo, naye ndiye aliyemuuguza yule mdogo wao alipokuwa na homa.

Mwishowe Astruc alimwendea mwenyewe pale mpakani.

"Nimekukosea nini, ndugu yangu?"

"Usiniite ndugu. Ninyi mlimuua Bwana."

"Hapa hapa uliniambia si mimi."

"Nilikuwa sijaelewa." Peire alikuwa akikata matawi. "Mtu asiye na hatia hapigwi mlangoni pa kanisa."

Astruc alirudi nyumbani akamweleza mkewe, akimgeuzia sikio lililo zima.

"Ulitaka aseme nini?" Bonadona alimuuliza. "Akikubali kwamba huna kosa, yeye atakuwa nani? Kakuumiza, sasa inabidi akuchukie. Na mwakani mwingine atapewa heshima ya kupiga, naye atarudi nyumbani hivyo hivyo, atawafundisha wanawe. Hawaanzi kwa kutuchukia, mume wangu. Wanaanza kwa kutupiga."

"Na yule wa kwanza kabisa kupiga?"

"Huyo kamuulize padri."

Astruc aliuza shamba kwa hasara, na mnunuzi akawa Peire, kwa maana Wakristo wengine waliogopa ardhi ya mchawi. Alihamia mji wa Narbonne, akafanya kibarua kwenye mizabibu ya watu mpaka uzee wake. Wakristo aliofanya nao kazi walikuwa wema, walimwita ale nao kivulini. Astruc aliitikia kwa adabu, akachukua mkate wake, akaenda kukaa mbali kidogo, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki.