Mitume Waliotupa Mgongo

Amefariki yule fundi wa michoro wa Tukuyu, na nadhani kufa ndiyo kazi pekee aliyoimaliza bila kamati kumwita arudie. Habari zilinikuta kwa kinyozi, nusu ya kidevu changu ikiwa imeshanyolewa. Kinyozi alizisoma kwenye simu, akaiweka mashine mezani, kisha akageuka kuutazama ukuta wake mwenyewe. Pale ukutani marehemu alimchorea vichwa vya mitindo ya nywele, na vichwa vyote vina uso mmoja, wa shemeji yake kinyozi, maana siku ile ndiye pekee aliyekuwa na nafasi ya kukaa kitini. Shemeji huyo sasa ana upara unaong'aa, lakini akipata wageni bado huwapitisha saluni kuwaonyesha ujana wake. Tulicheka kidogo, kisha hatukucheka tena, nami nikarudi nyumbani bila kukumbuka kuwa nina ndevu upande mmoja.

Ninyi mnaonisoma siku zote mnajua kwamba siwapaki marehemu asali. Huyu alikuwa mbishi. Alikuwa mchelewaji hata kwa viwango vya mafundi, na ukimuuliza kazi itakwisha lini alikuangalia kama vile umemuuliza mvua ya Rungwe itakata lini. Zaidi ya hapo alikuwa na kilema kimoja cha kazi ambacho hakukificha: hakuweza kuchora mtu kutoka kichwani. Lazima mtu awepo, akae, apigwe na usingizi, aamshwe, akae tena. Ndiyo maana kuta za mji wetu zimejaa majirani. Mama wa kwenye bango la kliniki ni muuza maharage. Daktari aliye pembeni yake ni fundi baiskeli wa Kiwira, na nina hakika hajawahi kushika sindano isipokuwa ya kushonea tairi.

Kilema hicho ndicho kilichomponza kule upande wa Masoko alikozaliwa mama yangu, kwenye kanisa dogo. Kanisa lilikuwa limekwisha kupigwa lipu, ukuta wa mbele ukabaki mtupu, na baraza la wazee likaamua uchorwe Karamu ya Mwisho. Fundi akasema sawa, ila anahitaji watu wa kukaa. Hapo ndipo baraza lilipofanya kazi yake. Wakakubaliana kwamba mitume watakuwa wale wazee waliotoa miti na mawe ya ujenzi, na wakakaa vikao kugawana nafasi, mvutano wake ukiwa mkali kuliko wa uchaguzi wa diwani. Yohana alitakiwa na watu wengi mno. Baba yangu mdogo alipewa Tomaso, na mpaka leo ukimtajia jambo hilo anabadilisha mazungumzo. Uso wa Yesu mwenyewe hawakumwachia fundi autafute, mchungaji akamletea kalenda yenye picha yake.

Mmoja wa wazee wale alikuwa baba yake fundi. Mzee huyu aliwahi kuwa na shamba zuri la kahawa, na kwa miaka mingi alikuwa akiwaambia watu kuwa mwanawe hana kazi, anapaka paka tu. Sasa ilimbidi akae kwenye kigoda mbele ya mwanawe siku baada ya siku, amtazame akifanya huko kupaka paka. Fundi aliniambia baadaye kuwa hawakuzungumza sana, lakini kila asubuhi mzee alifika kabla yake na kukuta mlango umefungwa. Alipewa Andrea. Ule uso ulitoka vizuri kuliko nyuso zote, na fundi, ambaye hakuwa mtu wa kujisifu, alijisifu kwa huo.

Jumapili ya kwanza baada ya pazia lililofunika ukuta kuondolewa nilikuwepo, nimekaa benchi la tatu. Wanaume waliingia, wakajiona ukutani, wakakohoa kwa furaha. Kisha wakaingia wanawake. Kwa msomaji wa mbali, naomba nieleze: kwetu mwanamke aliyeolewa hatazamani na baba mkwe wake. Akimwona njiani anaingia migombani. Akiwa jikoni, mzee anakohoa kwanza huko nje ili mwenzake ajifiche. Tunakuita ukutila, na maana yake ni kumwogopa mtu kwa heshima. Siku hizi vijana wa mjini wanalegeza, lakini kijijini bado kunashikwa. Sasa fikiria mama wa watu anaingia kanisani na wimbo mdomoni, anainua macho kwenye madhabahu, na baba mkwe wake amekaa pale, mkubwa mara mbili ya kawaida, anamtazama.

Wale wa mbele walijifunika khanga kichwani wakasimama hapo hapo. Wale wa nyuma wakawagonga. Baada ya purukushani ya kimya kimya akina mama wakapata suluhisho lao: wakakaa kwenye mabenchi wakiwa wameelekea mlangoni. Mchungaji wetu wakati ule alikuwa mgeni kutoka mkoa mwingine, akadhani ni mgomo. Alihubiri juu ya upatanisho kwa visogo vya kwaya nzima, na kadiri alivyopaza sauti ndivyo walivyozidi kuinama. Mimi niliuma ulimi ili nisicheke, nikashindwa, mama yangu akanifinya bila kugeuza kichwa.

Kesho yake baraza likakutana, na rangi nyeupe ikaagizwa kutoka mjini. Muuza rangi wa Tukuyu, Mwislamu mmoja mpole aliyekuwa rafiki mkubwa wa fundi, alipoelezwa kisa hicho alitikisa kichwa kwa huruma, akasema wao msikitini tatizo hilo walishalimaliza zamani kwa kuandika maandishi matupu. Akauza rangi, lakini alimpigia fundi simu kumwonya. Fundi alifika kikaoni akihema. Alikuwa tayari kuwapoteza mitume wote, aliniambia, ila si Andrea. Alijua kuwa baba yake hatakaa tena kwenye kigoda kile. Mzee mwenyewe naye alikuwepo kikaoni, na alipoulizwa kama anakubali kupakwa chokaa, alijibu kwa Kiswahili chake cha nyumbani.

"Mimi siondoki. Nimeshakaa pale, na loho yangu imelidhika."

Wakavutana hadi wakachoka. Ndipo ikasikika sauti ya mwanamke kutoka nje, chini ya dirisha. Alikuwa mke wa fundi. Ndani asingeweza kuingia, kwa kuwa baba mkwe wake alikuwa ndani, na dirishani asingeweza kuchungulia kwa sababu hiyo hiyo. Akazungumza na ukuta.

"Baba Mchungaji, naomba umwambie fundi awageuze. Tunachokitila ni uso. Mkwe akishanipa mgongo anakwenda zake shambani, mimi napita na ndoo yangu."

Mchungaji akamwambia fundi, aliyekuwa amesikia kila neno. Fundi akakataa. Alisema mgongo hauna mtu, mgongo ni koti tu, na yeye hakusomea koti. Wazee nao wakanuna, maana nani atatoa miti ya kanisa ili aonekane kisogo? Lakini kati ya rangi nyeupe na mgongo, mgongo ulikuwa na nafuu. Akapanda tena kwenye jukwaa lake la miti akaanza kuwageuza mmoja mmoja, kwa hasira, migongo yote ikafanana kama magunia ya chai.

Basi wakaja wake za wazee. Hawa ni wale mama wakwe, ambao wao hawana kizuizi chochote. Walikuja kuona waume zao wamefanywa nini, na hawakupenda. Mmoja akasema yule wa tatu si mzee wake, mzee wake akikaa huegemea upande. Mwingine akataka ule mkunjo wa shingo uongezwe. Fundi alibisha siku ya kwanza, siku ya pili akabisha kidogo, halafu akaanza kuwauliza. Wanawake hawa walikuwa wametembea nyuma ya waume zao kwenda shambani tangu ujana wao, na hakuna aliyewahi kuwauliza habari za migongo. Walikuwa na mengi ya kusema. Ikafika mahali wakawa wanaleta ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando na kushinda pale, wakielekeza, wakisutana, wakiwacheka waume zao mpaka machozi. Mama yake fundi ndiye aliyekuja mwisho. Akaangalia kazi ya mwanawe, akamwambia bega la kushoto liko juu mno, literemshe, limebeba mikungu hilo.

Akaliteremsha. Jioni ile baba yake akaja na fimbo yake, akasimama katikati ya kanisa, akautazama mgongo wake mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani. Fundi alisema alisubiri matusi.

"Kumbe nikiondoka, mnaniona hivi," mzee akasema.

Akamshika mwanawe mkono wenye rangi, akaushika kwa muda, kisha akaenda zake, bega la kushoto likiwa chini. Tangu siku ile hakuna mtu aliyemsikia tena akisema mwanawe hana kazi.

Niliwahi kualikwa kwenye semina moja ya sanaa huko mjini, yenye chai nzuri na sambusa, na kila aliyesimama alisema msanii apewe uhuru. Nilipiga makofi kama wengine, mimi si mtu wa kuharibu semina. Lakini kichwani nilikuwa na kanisa la Masoko. Nilijiuliza picha ile ni ya nani. Baraza liliamua mitume ni akina nani, kalenda ikaamua uso wa Yesu, mila ikaamua migongo, wake za watu wakaamua mabega, na fundi alikuwa katikati anabishana na wote huku mkono wake ukijifunza. Angeachiwa uhuru wake angechora nyuso nzuri za kawaida, tungezizoea, leo tusingeziona. Siku hizi ukitaka bango unakwenda kwenye duka la kompyuta pale Tukuyu, kijana anakuchapia kabla soda yako haijaisha. Linapendeza. Hakuna anayesimama nyuma yake kumwambia bega limekaa vibaya, na linapochanika hakuna anayeuliza lilikwenda wapi. Simlaumu kijana yule, naye ana familia, ila namwonea huruma kwa kukosa watu wa kumsumbua.

Tulimzika wiki iliyopita, na ibada ilifanyika kanisani humo humo. Hapo juu nimemruka Yuda makusudi, kwa sababu habari yake inaanzia hapa. Wakati wa kugawana nafasi hakuna mzee aliyemtaka, hivyo kiti chake kilibaki kitupu. Wenzake walipokwisha kugeuzwa, baraza likaagiza kwamba huyu asigeuzwe, aonekane uso kabisa ili watu wamjue. Fundi akakosa wa kukaa, akachukua kioo cha pikipiki akajichora mwenyewe. Walipomlalamikia kwamba Yuda wake anacheka, alijibu kuwa amejaribu kununa mbele ya kile kioo akashindwa. Watoto wake walikuwa wadogo, hakuwa mkwe wa mtu, hivyo hakuna aliyeona tatizo.

Watoto wakakua. Mkubwa akaoa binti wa Ikuti, na kila Jumapili binti yule akawa anakaa nyuma ya nguzo. Fundi aliomba ruhusa ya kujigeuza. Baraza lile lililogeuza kila mtu likashindwa kupata akidi ya kumgeuza Yuda, kikao kikaahirishwa, kikaahirishwa tena, mpaka watu wakasahau. Nyumbani fundi, sasa naye mzee, alikuwa na mchezo wake. Alikaa upande wa pili wa ukuta wa jiko akisimulia vituko kwa sauti kubwa, kana kwamba anazungumza na kuku, na hakuacha mpaka asikie mkamwana wake anacheka. Hata kwenye kundi la ukoo la simu aliweka picha ya mkungu wa ndizi badala ya sura yake, ili binti asije akaifungua kwa bahati mbaya. Miaka yote hiyo wakapendana hivyo, kwa masikio.

Watu walipopanga mstari kuaga mwili, binti hakwenda. Alibaki nyuma ya nguzo yake, khanga usoni, analia bila sauti. Nilikuwa karibu, niliona. Shangazi yake fundi, bibi mkongwe anayetembea kwa kushikilia mabenchi, akamfuata pale, akamshika kidevu.

"Gwe mwana, yule ukutani ni Yuda. Wewe kwa Yuda hukuolewa. Mtazame."

Wazee wa baraza walisikia. Binti akateremsha khanga, akatoka nyuma ya nguzo, akainua macho. Alitazama kwa muda mrefu, na mchungaji akasubiri na kitabu chake mkononi.

"Kumbe alikuwa anacheka na yeye," akasema.

Mimi machozi yalinitoka bila aibu. Somo nililoondoka nalo ni hili, nami nawapa jinsi lilivyo. Wanaowasimamia nyuma wakati mnafanya kazi, wakiwakatalia hiki na kuwasahihisha kile, wabishieni, lakini msiwafukuze, kwa kuwa hata uzembe wao unaweza kuwaachia kitu cha maana ukutani. Na katika kazi hiyo, iwe ya rangi au ya jembe, acheni mahali uso wenu, hata kama nafasi iliyobaki ni ya Yuda. Yupo mtu anayewacheka vituko vyenu nyuma ya ukuta, na ipo siku atataka kujua mlifananaje.