Mama Unga azima mashine, avuka barabara kusikiliza bendi

Saa nane na dakika ishirini mchana, foleni ya ndoo na mifuko inaanzia kwenye mizani na kuishia nje ya mlango. Ndani ya banda la mabati, mashine ya kusaga inanguruma hadi sakafu inatetemeka, na vumbi la unga limetanda kila mahali.

Hakuna anayezungumza, kwa sababu hakuna atakayesikika. Mteja anainua vidole viwili, na mama anayeonekana kando ya mashine kupitia tundu la ukutani, mwenye vifuniko vikubwa vya masikio na kitambaa puani, anaitikia kwa kichwa: kusaga mara mbili. Mwingine anasugua viganja: akoboe kwanza. Wa tatu anaulizia zamu yake kwa nyusi tu. Mama anamwonyesha kidole kimoja: wewe ndiye wa mwisho kabla ya kufunga.

Kisha anazima mashine.

“Jumatano tena!” analalamika mteja wa nne. “Mama Unga, watoto wangu watakula nini leo?”

“Watakula unga wa saa kumi na moja,” anajibu akivua vifuniko. “Acha ndoo yako hapo, mwenzangu. Mahindi yamekaa shambani miezi minne, hayatakufa kwa saa mbili.”

Watu wanacheka. Yeye ananawa uso, anakung'uta khanga mara tatu, anafunga mlango kwa kufuli na kuvuka barabara kuelekea ukumbi wa mikutano, ambako bendi hufanya mazoezi kila Jumatano na Jumamosi saa tisa alasiri.

“Nimeishi na kelele miaka ishirini na moja,” anasema huku akijifuta unga uliobaki kwenye nyusi. “Saa mbili hizi ni zangu.”

Mama Unga, jina alilopewa na wateja hata majirani wakasahau jina lake halisi, ana umri wa miaka arobaini na saba. Ni mke wa fundi mwashi na mama wa watoto watatu ambao sasa wanajitegemea. Aliingia kwenye banda hilo kama mfagiaji, akapanda hadi kupima, na mwenye mashine alipochoka na kazi akamuuzia yeye.

Siku njema husaga madebe arobaini. Siku za mvua hata kumi hayafiki. “Imetosha kula na kusomesha,” anasema. “Haitoshi kuringa.”

Kwa miaka mingi muziki haukuwa na nafasi nyumbani kwake. Redio ilikuwapo, lakini yeye akiingia tu, ilizimwa. “Nilikuwa narudi kichwa kinavuma kama mzinga wa nyuki. Mtoto akifungulia wimbo, namwambia, zima hicho kitu, nimeshiba makelele. Nilidhani muziki ni wa watu wenye nafasi.”

Mambo yalibadilika miaka miwili iliyopita, Jumatano moja umeme ulipokatika katikati ya debe. Mashine ilipunguza mwendo, ikaguna, ikanyamaza. Wateja wakatoka kwenda kutafuta kivuli. Yeye akabaki kwenye kigoda akisubiri.

“Nikasikia kitu kinaita,” anasimulia. “Nikatoka mlangoni. Sauti inatoka ukumbini. Hatua sitini tu kutoka hapa, na hiyo bendi ilikuwa inafanya mazoezi pale miaka tisa. Miaka tisa, baba! Na mimi sijawahi kuisikia hata siku moja.”

Huko ukumbini nako umeme ulikuwa umekatika. Magitaa yalikuwa yamenyamaza, lakini wapigaji wa saksafoni, tarumbeta na ngoma walikuwa wanaendelea. Mama Unga alivuka barabara alivyo, bila kunawa, akasukuma mlango.

Kiongozi wa bendi hiyo ni mpiga saksafoni ambaye mkate wake wa kila siku anaupata kwa kunyoa nywele, na ambaye wote humwita Kinyozi. Anaikumbuka siku hiyo vizuri.

“Tuko katikati ya wimbo, mlango unafunguka, anasimama mtu mweupe pe, kuanzia nyusi hadi ndala,” anasema. “Mpiga tarumbeta pumzi zikamkatika. Mpiga ngoma alikuwa ameshaanza kupima dirisha. Ndipo yule mtu akasema, ‘Samahani, wanangu, endeleeni. Nimekuja kusikiliza tu.’ Tukampa kiti. Kikageuka cheupe nacho.”

Mama Unga alikaa mpaka umeme uliporudi, na uliporudi hakuondoka. Wateja walimkuta saa kumi na moja, bado yuko kwenye kiti kile kile.

Ukimuuliza alisikia nini siku hiyo, hataji wimbo. Anataja pumzi. Kabla ya Kinyozi kupuliza, anasema, alimsikia akivuta hewa puani, kama mtu anayetaka kuzamia majini. “Redioni hiyo hawakuwekei. Redioni wimbo unakuja umeshaiva. Pale nilisikia unavyopikwa. Wanakosea, wanasimama, wanabishana, wanarudia. Mpiga tarumbeta akipotea anajicheka mwenyewe. Wakirudia mara ya sita, pale palipokuwa panawashinda panapita laini, wote wanatazamana. Mimi nafsi yangu inaruka, utadhani ni mimi niliyepiga.”

Akawa mgeni wa kila Jumatano na kila Jumamosi. Alijifunza kwamba wimbo una mahali pa kungojea na mahali pa kupishana. Alijua nani hupiga kwa kukaza meno na nani hufumba macho. Wiki nzima alikuwa akisaga huku akiimba kimoyomoyo.

Hata kazini sikio lilichangamka. Asubuhi moja alihisi mashine inavuma kwa sauti iliyoshuka kidogo, akaizima wateja wakimshangaa. Fundi wa mashine alipofungua alikuta beringi imekwisha, inangoja kuvunjika. “Zamani ningengoja mpaka itoe moshi,” anasema.

Lakini binadamu hawakosi la kusema. Watu waliona mke wa mtu anafunga biashara mchana kweupe mara mbili kwa wiki na kuvuka barabara. Dada yake mkubwa alimfuata mpaka bandani.

“Mdogo wangu, unatuaibisha,” alimwambia. “Mtaa mzima unajua unakwenda kwa kinyozi.”

“Nakwenda kusikiliza bendi, dada.”

“Bendi! Wewe? Si wewe uliyetaka kumchapa mwanao kwa sababu ya redio?”

Maneno yakafika hadi kwenye jengo alikokuwa akifanya kazi mumewe, mwanamume mrefu, mpole, asiyemaliza maneno hamsini kwa siku. “Mwenzangu mmoja aliniuliza kama nimebadilisha kinyozi,” anakumbuka. “Nikasema hapana. Akauliza, na mkeo je? Wote wakacheka. Mimi sikucheka.”

Jumamosi iliyofuata aliteremka kwenye jukwaa la ujenzi saa tisa, hakuaga mtu, akatembea hadi ukumbini. Hakuingia. Alizunguka nyuma akachungulia dirishani.

Alimwona mkewe kwenye benchi la mwisho, peke yake. Amevua ndala. Amefumba macho, na midomo inachezacheza bila sauti. Wanabendi wote walikuwa mbele kabisa, wamempa mgongo, wakigombana juu ya kituo kimoja cha wimbo.

“Miaka ishirini na mitano ya ndoa,” anasema fundi huyo polepole, “na uso ule sikuwahi kuuona. Hata siku ya harusi. Nikaona haya. Nimekwenda kumkamata mtu, nikakamatika mimi.”

Aliingia, akaketi kando yake. Mama Unga alifumbua macho, akashtuka.

“Baba watoto! Kuna msiba?”

“Hapana.”

“Sasa?”

“Nimekuja kusikiliza.”

“Na huo mwiko?”

Fundi akautazama mkono wake. Alikuwa amekuja na mwiko kutoka kazini, una udongo wa saruji uliokaukia, na hakuwa na habari. Mkewe alicheka mpaka bendi ikageuka. Tangu siku hiyo benchi la mwisho lina watu wawili kila Jumamosi, na Jumatano pia kazi zikiruhusu.

Mwaka jana likatokea jambo lililomwondolea Mama Unga kicheko kwa muda.

Bendi ilikuwa inatunga wimbo mpya, na Kinyozi, ambaye sasa alikuwa na mazoea ya kumuuliza maoni, akamgeukia. “Mama, pale manyanga yanapoingia unaonaje? Yamezidi au yanatosha?”

“Manyanga yapi?” akauliza.

Walidhani anatania. Mpiga manyanga akayatikisa tena, mkono wa kulia, karibu naye. Mama Unga aliuona mkono ukienda na kurudi. Hakusikia kitu.

“Miezi yote ile nilikuwa nikimwona yule kijana akitikisa mkono,” anasema. “Nilidhani ni madoido yake tu. Nilimgeukia mume wangu, nikamuuliza, wewe unasikia? Akanitazama. Nikaelewa.”

Alikwenda kupimwa. Katika chumba kidogo kisicho na dirisha, mtaalamu wa masikio alimvisha vipokea sauti na kumwambia abonyeze kitufe kila anaposikia mlio. Kwa milio minene alibonyeza haraka. Kisha akakaa kimya muda mrefu akingoja inayofuata, mpaka mtaalamu alipofungua mlango na kumwambia kipimo kimekwisha. Milio yote myembamba ilikuwa imepita bila yeye kujua.

Aliambiwa ukweli bila kuzungushwa. Kilichoondoka hakirudi, na kimeondolewa na mashine. Kilichobaki kinaweza kulindwa, iwapo atafunika masikio kila anapofanya kazi na kupunguza saa za kukaa kwenye kelele. Asipofanya hivyo, sauti zitaendelea kumtoka moja moja.

“Nililia njiani,” anakiri. “Mtu ameishi miaka arobaini na tano bila kujali masikio. Siku anapoyapatia kazi nzuri, anaambiwa yanakwisha. Niliona kama nimefika karamuni watu wanaosha vyombo.”

Jumapili iliyofuata mumewe alifika bandani na mchanga, saruji na matofali. Kwa Jumapili tano, bila malipo na bila msaidizi, alijenga ukuta mnene unaotenga mashine na sehemu ya mizani, akaacha tundu la kupitishia ndoo. Sasa mkewe husimama upande wa mashine pale tu panapohitajika, na vifuniko vya masikio haviondoki. Alipunguza saa za kazi pia. Siku za mazoezi ya bendi sasa hufunga mapema zaidi, saa nane na nusu, na wateja wameshazoea, ingawa kulalamika wanalalamika.

“Nimepoteza wateja wachache,” anasema. “Madebe matano, sita kwa siku. Waliobaki wanajua ratiba ya bendi kuliko wanabendi.”

Dada yake naye alikuja ukumbini mara moja, kujionea kwa macho yake. Alikaa nusu saa, akasinzia, akaamka na kusema mpiga besi angefaa kuoa. Hajazungumzia tena habari za aibu.

Leo ukumbini kuna joto. Mapazia yamefungwa mafundo, madirisha yako wazi, na feni moja kati ya tatu inazunguka. Kinyozi anahesabu kwa mguu. Besi inatangulia, ngoma inafuata, kisha saksafoni inaingia chinichini, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua. Mama Unga amevua ndala.

Mumewe amefika kutoka kazini, magoti yana vumbi. Amekaa upande wake wa kushoto. Wimbo unapofika katikati, mpiga manyanga anainua mkono, na wakati huo huo fundi anaanza kugonga kwa kidole mgongoni mwa kiganja cha mkewe: haraka, nyepesi, bila kupotea hata pigo moja. Mama Unga anatikisa kichwa akifuata. Kinyozi akimuuliza sasa kama manyanga yamezidi, anajibu, na mara nyingi anakuwa sahihi.

“Mimi na muziki wapi na wapi,” anasema fundi anapoulizwa alijifunzia wapi. “Nagonga ninachosikia.”

Wimbo ukiisha, wanabendi wanabishana juu ya mwisho wake. Mama Unga anaufikiria mwezi wa kumi na mbili. Amesikia kwamba katika mji ulio mwendo wa saa saba kwa basi, kundi la wapigaji arobaini litapiga alasiri moja, na zaidi ya nusu yao wanapiga fidla. Hajawahi kuisikia fidla ikipigwa mbele yake. Mumewe ameshaomba siku tatu kazini, na Mama Unga ameshawaambia wateja wake wasage mapema.

Mtaalamu wa masikio amemtahadharisha kwamba sauti za juu kabisa za fidla huenda zisimfikie.

“Nimemwambia sawa,” anasema. “Zitakazofika nitazipokea. Ila nimemwambia baba watoto tuwahi, tuwe pale saa nzima kabla. Watu wengine huingia wimbo ukishaanza. Mimi nataka niwepo wanapofungua masanduku, wanapokaza nyuzi, wanapojaribu. Hiyo nayo nataka kuisikia.”