Kuku Niliowachinja Mwenyewe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wakienda Kibombo kutafuta mchele au Pangi kwenye matanga, mimi nawasindikiza mpaka mlangoni, na hapo nimeshachoka. Kwa hiyo wasichana wa zamani wa bweni la masista walipoamua kwamba kikao cha mwezi kitakuwa kwangu, nilifurahi. Karamu itanifuata kitini.

Tuliitana kwa namba. Bwenini kila mmoja alishonewa namba kwenye nguo zake zisipotee kwa mfuaji. Serikali ilipokataza majina ya ubatizo sisi hatukuhangaika, namba haikubatizwa. Mimi nilikuwa Kumi na Moja. Kazi ya chama chetu ilikuwa kuwapikia na kuwafulia wamama waliozaa materinite, hospitali ya uzazi, bila ndugu mjini, kisha kila mwezi tunakaa, tunakula, tunasimuliana.

Siku hiyo Tisa alikuwa anarudi. Miaka yote ya shule kitanda chake kilipakana na changu. Nilipozaa mtoto wa kwanza, yeye ndiye aliyenifulia vitambaa vyote, mimi nimejilaza kama mkubwa wa chama. Halafu akaolewa na mchuuzi Mwislamu ng'ambo ya mto, akasilimu. Baba yake, katekista kule Kibombo, akasema hana binti tena. Tisa akadhani nasi tutasema vilevile, akaacha kuja. Nilimtumia salamu na kila mvuvi aliyevuka, mpaka akajibu: "Nitakuja mara hii moja, nione sura zenu."

Mara hii moja. Maneno hayo yaliniwasha kama upupu. Asubuhi nilifagia uwanja, nikaufagia tena. Nilipanga viti, nikaona vinafanana na baraza la hukumu, nikavipanga upya. Nikashika kisu, nikachinja kuku wangu wawili, nikawatia kwenye mawese, nikabandika na sombe ya majani ya muhogo, nikajisifu kwamba leo nina mbio.

Kuku wameiva, jirani yangu, fundi cherehani Mwislamu, akarudi kutoka salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, na jembe begani.

"Mama, nilingojea uniite asubuhi. Nani alikuchinjia?"

Mwiko ulinitoka mkononi. Hapa kwetu Kindu hata mtoto anajua: ukiwa na mgeni Mwislamu, unaita Mwislamu akuchinjie. Mama yangu alifanya hivyo, na mimi miaka yote nimemwita fundi huyu huyu. Siku nyingine zote nilikumbuka!

Wenzangu walipofika nikawaambia. Nne, ambaye bwenini alikuwa wa kwanza kufika kwenye sufuria, alishika kiuno.

"Weye! Umemuita muntu arudi nyumbani, halafu umemufungia jiko?"

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie iko sombe. Mwambie umezeeka."

Nilikwenda mlangoni, nikarudi, nikaenda tena. Tisa akatokea, kitambaa kichwani, jogoo hai kwapani. Sikungoja hata salamu.

"Dada, kuku nimewachinja mie mwenyewe. Kwa haraka yangu."

Nilijikuta nakinyoosha kiti kilichokuwa kimenyooka.

"Weye njo ulichinja? Weye uliyekimbia panya wa bwenini?" Alicheka kidogo tu. "Haizuru. Nyie mule. Mie nitakula wali na sombe pale pembeni, halafu nivuke mapema."

Pale pembeni. Nilijua akila pembeni hatumwoni tena. Nne ndiye aliyekwenda jikoni akafunika sufuria yangu.

"Hakuna muntu anakula hapa," alisema. "Huyo jogoo wako ni wa kupamba?"

Fundi akaitwa, jogoo akachinjwa, mke wa fundi akatuazima sufuria isiyojua dhambi zangu. Tukangoja. Jogoo alikuwa mzee, mbishi. Kila nikimchoma kwa uma, uma unarudi. Nilichungulia mara nyingi hata Nne akanipokonya mfuniko. Njaa ilituuma wote, harufu ya kuku wangu ikatutesa, na hakuna aliyeugusa mfuniko wa sufuria yangu.

Katika kungoja huko Tisa akaanza kusema. Mama mkwe wake alimfundisha sala kwa uvumilivu ambao masista hawakuwa nao. Na juzi mama yake mzazi alimletea kikapu cha mchele kutoka Kibombo.

"Baba anajua?" nikauliza.

"Hajui kitu," akasema Tisa, akijipangusa macho. "Lakini kikapu kilifungwa kwenye baiskeli kwa fundo la baba. Mama hajui kufunga lile fundo."

Tulimla yule jogoo jua likishuka, tukitafuna kama watu wanaotafuna mkanda, mikono yote kwenye sinia moja.

"Mwezi ujao ni kwa nani?" akauliza Nne.

"Kwangu," akasema Tisa. "Wote muvuke. Na weye Kumi na Moja, usinitumie salamu na wavuvi."

Nikaanza kuuogopa mtumbwi hapo hapo, kipande cha jogoo bado kiko mdomoni.