Mshale wa Kaka na Gunia la Mtani

Ukija kwangu Miteja, mguu wako utapiga hodi kabla ya mdomo. Pale mlangoni nimetandika kipande cha jamvi, na chini yake kuna mabati mawili yaliyotenganishwa na vipande vya ndala kuukuu. Ukikanyaga, mabati yanagusana, moto wa betri unapita kwenye waya, na kengele inalia huku jikoni nilipo. Kaka yangu ndiye aliyeitengeneza. Alikusudia wezi.

Hapo huwa nacheka. Ya kwanza aliifunga kwenye duka la jirani yake kule Somanga, barabarani, alikokuwa na kibanda cha kutengeneza redio. Alifikiri mtu akinyemelea atajulikana. Lakini watu wa kwetu hawajui kuingia kwa mtu kimya. Walipogundua kwamba pale chini panalia, wakaona imeletwa hodi mpya. Mtu anakuja, anakanyaga, anarudi nyuma kidogo, anasubiri aambiwe karibu. Asipojibiwa anakanyaga tena. Ya tatu isipojibiwa anaondoka zake, maana hodi ni tatu, ndivyo tulivyolelewa. Mwenye duka akiwa msalani wateja wanakuja, wanabonyeza, wanaondoka. Mwisho akaing'oa akamrudishia kaka.

"Ndugu yangu," akamwambia, "mtego wako una adabu mno. Unanifukuzia watu."

Ndiyo hiyo iliyoko kwangu mpaka leo.

Mimi shule yangu ilikuwa fupi. Herufi nazijua, lakini naandika kama ninavyosema, kwa hiyo ukiniona naacha njia naingia porini, ningoje hapo hapo, nitarudi. Kaka naye hakunizidi sana kwa darasa. Alinizidi kwa kuuliza. Zamani betri za redio zikiisha nguvu tulikuwa hatuzitupi, tunazianika. Nyumbani kwetu zilianikwa kwenye turubai lile lile la korosho, betri upande huu, korosho upande ule, na mama akipita anazigeuza zote kwa mguu. Kaka anachuchumaa pale anauliza: jua linaingiza nini kwenye betri, na linatoa nini kwenye korosho? Mama anamwambia linatoa uvivu wa watoto, kalete maji. Akirudi na ndoo anauliza tena. Akiigusa betri kwa ulimi anajua kama imepona. Nami alinigusisha. Ladha yake ninayo mpaka sasa, kama umelamba sarafu.

Sasa, korosho. Asiyekaa kwetu hajui ghala lilivyo wakati wa msimu. Unapeleka gunia lako chama cha msingi cha wakulima, karani anachota mkono mmoja wa juu, anazitikisa sikioni, anavunja moja kwa meno, anasema nzuri au mbichi. Juu ni nzuri daima. Katikati ya gunia ndiko kwenye mambo. Wengine hawakuanika vya kutosha, wengine, tuseme kweli, walimwagia maji ili mizani ifurahi. Gunia moja bichi likikaa na wenzake linawaozesha wote, na daraja la kijiji kizima linashuka siku ya mnada. Ugomvi wake huo, ndugu wanaacha kuzikana.

Kaka akatengeneza kitu. Alichukua spoku mbili za baiskeli akazinoa, akazifunga kwenye mpini wa mti zisigusane, akazivuta kwa waya mpaka kwenye kisanduku cha redio iliyokufa, ile yenye mshale kwenye kioo. Ndani akaweka betri na vidude vyake vingine ambavyo alinieleza mara nyingi nami nikaitikia mara nyingi. Ukichoma spoku katikati ya gunia, korosho zikiwa kavu umeme haupati pa kupita, mshale unalala. Zikiwa na maji, mshale unainuka, na kadiri zilivyo mbichi ndivyo unavyokwenda. Huhitaji kumwaga gunia wala kumwita mtu mwongo. Alikichukua akakipitisha vijijini, watu wakakipenda kwa kukiogopa.

Basi akaja mtu mmoja kutoka mjini Lindi, amevaa vizuri, mpole, akanywa chai yetu. Akakishika kile kifaa, akakigeuza, akakipiga picha kwa simu kila upande, akauliza maswali mpaka jua likatua. Kaka alijibu yote, kwa furaha ya kuulizwa. Baadaye tukasikia kwamba huko mjini kuna fundi anaunda vinavyofanana na kile. Kaka alikaa kibandani kwake akawa hachomei waya wala hawashi redio. Nilimpelekea chakula nikakirudisha.

"Watasema mimi ndiye niliyeiga," aliniambia. "Kitu nimekiota tangu turubai la mama, halafu niambiwe nimeiga."

Mwalimu mstaafu mmoja ndiye aliyemfungua macho kwamba kuna hataza, karatasi ya serikali inayosema kitu hiki kimebuniwa na fulani, mwingine asikiunde bila ruhusa yake. Zikatafutwa njia, na wakapatikana wataalamu wawili, bwana na bibi, ambao kazi yao ni kusaidia wabunifu kuomba. Walisema watakuja Miteja kukiona kikifanya kazi kwenye ghala. Kikifanya kazi, watamwandikia. Kisipofanya, watapita waende kwa wengine, maana wabunifu ni wengi na gari ni moja.

Kijiji kilijiandaa kana kwamba kinaoza binti. Wanawake tulipika wali na pweza wa nazi. Wanaume waliambiwa kila mtu alete gunia lake ghalani, kaka apate ya kupima.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa la mapenzi. Wageni wanatoka mbali, wanakuja kutazama korosho zetu. Nani atawawekea wageni korosho mbovu? Kila mwenye shamba alianika upya. Niliona watu wakizigeuza kwa mikono moja moja kama wanachagua mchele. Siku ile magunia yaliyopangwa ghalani yalikuwa makavu hata ukiyapiga yanalia.

Kaka akachoma gunia la kwanza. Mshale umelala. La pili, umelala. Yule bwana akainama akatazama kioo. La tatu na linalofuata, mshale umelala kama mgonjwa. Wenye magunia wanatabasamu, wanagusana viwiko. Kaka jasho linamtoka.

"Fundi," yule bibi akauliza taratibu, "kina betri?"

"Kina betri, mama. Ni kwamba hizi ni kavu."

"Zote?"

Kaka akawageukia watu. "Jamani, mwenye gunia bichi alilete. Hata kidogo tu."

Mzee mmoja mwenye mikorosho mingi akakohoa. "Kwangu mimi korosho mbichi haijawahi kuingia ghalani tangu marehemu baba," akasema. Mwingine akasema na kwake vivyo hivyo. Kaka akaomba ndoo ya maji amwagie gunia lake mwenyewe, karani akaruka akasimama mlangoni: maji ndani ya ghala hayaingii, hata ya kunywa. Na yule bwana mgeni akasema kitu cha haki, kwamba korosho zilizomwagiwa hata yeye anaziona kwa macho, haina haja ya kifaa. Akafunika kalamu yake. Nilikuwa mlangoni na sinia la wali, nikajua hapo ndipo mambo yanapoishia. Wale watu walimpenda kaka yangu wote, na wote walikuwa wanammaliza.

Ndipo nikasikia sauti nje. "Nani amekufa humu mbona mmenuna?"

Ni binamu yetu, mtoto wa mjomba, aliyeolewa Likawage. Sasa kwetu mtoto wa mjomba ni mtani. Anakutukana, huruhusiwi kukasirika. Anachukua kuku wako, unamshukuru. Kwangu hajawahi kukanyaga lile jamvi, analiruka makusudi, maana mtani hana hodi. Alikuwa ameshuka kwenye lori la kutoka kwao na gunia lake moja, kichwani majani, kanga yenye unyevu imemganda mwilini.

Akaelezwa. Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia.

"Binamu, umezaliwa mjinga na utazikwa mjinga," akamwambia kaka mbele ya wageni wake. "Umekuja kutafuta uoza kwa watu wazima wenye kofia? Uoza uko kwetu Likawage. Haya, choma gunia langu. Ninyi wageni andikeni, mwenye korosho mbovu kuliko wote wilaya hii ni mimi, na huyu hapa ndiye binamu yangu, ukoo mmoja."

Watu wakaangua kicheko. Lile gunia kwa nje lilikuwa limeshakauka kwa upepo wa lori, hata karani alichota mkono akatikisa akasema nzuri. Kaka akachoma katikati. Mshale uliinuka, ukavuka nusu, ukaenda ukagonga pembeni. Ukakaa hapo.

Yule bibi mgeni hakuamini, akataka limwagwe. Likamwagwa sakafuni. Juu kavu, chini kavu, katikati zinang'aa kwa maji. Wanaume walikuwa bado wanacheka, wanamtania kuhusu Likawage, naye anawarudishia. Hakuna aliyemwona amefedheheka, kwa sababu mtani hafedheheki. Sijui kama kuna mtu mwingine pale ghalani aliyeweza kufanya alichofanya na bado akarudi kwake kichwa juu.

Karatasi ilikuja, ilichukua muda wake lakini ilikuja, moja ya spoku na moja ya kengele, ambayo wataalamu waliiandikia nayo. Kaka alizitundika kibandani juu ya redio. Nisiseme uongo kwamba alitajirika. Maghala sasa yana vipimo vyenye tarakimu zinazowaka, vya kununua. Lakini yule fundi wa mjini aliacha. Na mtu akipita Somanga, kaka anamwonyesha ukutani, halafu anaendelea kuchomea waya.

Alipofariki tuliweka matanga hapa kwangu. Waombolezaji ni wengi, kengele haikunyamaza, mtu akataka kuikata waya nikamkataza. Siku ya pili binamu akatokea amevaa miwani ya kaka yenye kamba, kofia yake, na kile kisanduku kikining'inia shingoni. Alikuwa anatembea kama yeye, bega moja chini. Akapita mkekani kwa wanawake, anagusisha spoku kwenye ncha za kanga zetu, anatazama mshale.

"Huyu mkavu," akasema. "Amefuata wali tu. Daraja la kwanza, apelekwe mnadani." Akasogea. "Huyu mbichi, arudishwe akaanikwe."

Wanawake wakawa wanacheka na kulia kwa pamoja, hujui kipi kimeanza. Akanifikia mimi. Sikumngoja anipime. Nilimnyang'anya mpini, nikashika ncha ya kanga yake mwenyewe, ile anayojifutia machozi, nikagusisha spoku. Mshale ukainuka ukaenda mpaka pembeni.

"Gunia la Likawage," nikamwambia.

Akavua ile miwani, akakaa karibu nami mkekani.

"Lilinyeshewa njiani, binamu," akasema.