Nilivyoidanganya ramani ya udongo, michungwa yangu ikalala njaa

Wakuu, salamu kutoka Kalama, Machakos. Haya sikuhadithiwa, yalinipata mwenyewe. Na mke wangu Mwende husoma humu, kwa hivyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Nina michungwa arobaini. Miche alinipa mama mkwe, akaniambia, "Nimekupea hii kama vile nilikupea Mwende. Itunze."

Mnaelewa uzito wake.

Basi afisa wa kilimo akaja na mpango wa kuchora ramani ya udongo wa mashamba yetu, ili kila mtu ajue anunue mbolea gani na aweke kiasi gani. Akatuachia mifuko ya kutilia udongo, na maagizo: Tembea zigizaga kati ya miti, chota hapa na pale, changanya, leta.

Halafu akasema ramani itabandikwa ukutani kanisani. Kijani ni udongo ulioshiba, nyekundu ni wenye njaa.

Hapo ndipo kiburi kiliponipanda. Mama mkwe anasali kanisa hilohilo!

Nikaenda kwenye zizi la zamani la ng'ombe, nikachimba udongo mweusi tititi, nikajaza mfuko. Hata niliuchekecha.

Ramani ikatoka. Wote nyekundu, mimi peke yangu kijani. Nikapigiwa makofi. Ushauri wangu: usiweke mbolea msimu huu.

Sasa ningeweka vipi, na kanisa zima limeona nimeshiba?

Majirani wakaweka walichoandikiwa, miti yao ikapendeza. Yangu ikageuka manjano, machungwa yakaanguka yakiwa saizi ya gololi. Roho iliniuma, wakuu.

Mwende akaniambia, "Mficha uchi hazai. Enda useme ukweli." Nikajifanya sijasikia.

Siku moja afisa akaleta wakulima wote waje kujifunza kwa mwenye kijani. Mbele kabisa, mama mkwe.

Akashika jani. "Mwanangu, hii miti iko na njaa."

Afisa akachimba chini ya mchungwa. Changarawe tupu. "Hii si ile mchanga uliniletea."

Nikafungua mdomo nitunge kitu. Mwende akawaonyesha zizi la zamani. Shimo langu sikuwahi kulifukia, na kuku alikuwa anaoga vumbi ndani yake.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Sijawahi kuona aibu kama ile tangu nioe.

Tukapima upya. Pale ukutani nikawa mwekundu kuliko wote. Nikafuata ushauri: samadi, na mbolea kwa kipimo kilichoandikwa, kuzunguka kila mti. Msimu uliofuata michungwa ikabeba.

Nikampelekea mama mkwe kikapu kizima. Akanusa chungwa moja, akaniangalia.

"Na hizi umechuma kwa miti ama kwa zizi?"

Somo nililopata: kupima udongo si mtihani wa kupita. Ukidanganya, anayelala njaa ni mti.

Kuna mwenzangu aliyewahi kumdanganya daktari, halafu akanywa dawa aliyoandikiwa? Jitokezeni, nisijione niko peke yangu. Mwende, wewe usijibu.